Injini kali, waya mmoja tu unakutoa mchezoni

MOROGORO. Mashabiki wa mbio za magari hubishana kuhusu injini: nani kafunga Subaru ya turbo, nani kabaki na ya zamani. Fundi umeme hatajwi. Lakini gari ikizima katikati ya vumbi, yeye ndiye wa kwanza kuitwa.

Ukibadilisha injini na kufunga kompyuta ya kuprogramu, kompyuta hiyo haijui kitu mpaka iambiwe. Sensa ya kranki ndiyo inayoieleza pistoni zimefika wapi, ili mafuta na moto wa plagi vije kwa wakati. Waya wake ukipita jirani na koili, unabeba kelele za umeme. Kompyuta inachanganyikiwa, injini inamisi. Dawa ni waya wenye wavu wa kinga, upite mbali na koili, na ethi ya sensa isichanganywe na ya koili.

Halafu kuna mlima. Morogoro mjini ni kama mita 500 juu ya bahari. Ukipanda Uluguru hadi Nyandira unavuka 1,500. Kila mita 100, presha ya hewa inapungua karibu asilimia moja. Waya wa sensa ya presha ukilegea, kompyuta inaweza kumwaga mafuta ya bondeni huko juu: moshi mweusi, nguvu hakuna.

Kabla ya siku ya mbio, washa injini, kisha tikisa waya zote taratibu. Ikizimia gereji, shukuru. Bora hapo kuliko mlimani, saa ya waamuzi ikihesabu.