Kuuza vyombo mtandaoni: Wateja tele, mashahidi hakuna

ANAYEHAMA nyumba mtaani Likoni na kutaka kuuza jokofu lake hana haja tena ya kumwendea dalali. Hulipiga picha kwa simu, akaandika bei na nambari yake, na muda si muda huanza kupigiwa na watu wa Kisauni, Changamwe na hata Kilifi.

Tangazo hilo kwa kawaida halimgharimu kitu. Anayelipa ni yule atakaye lake litangulie mengine. Hiyo si faida ndogo. Matangazo madogo madogo ya magazetini yalilipiwa, na asiyeweza kuyalipia alimtegemea dalali ambaye ndiye pekee aliyeijua bei ya soko. Leo muuzaji hutazama kwanza wenzake wanadai kiasi gani kwa chombo kama chake, ndipo akataja bei.

Nchini Kenya biashara hii ilishika kasi katika miaka ya 2010 kupitia tovuti ya OLX, ambayo mwaka 2019 ilinunuliwa na Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria. Facebook nayo ina soko lake.

Hata hivyo, jokofu halisafiri kwa intaneti. Tangazo husema tu "Mombasa", ilhali kati ya Likoni na Changamwe kuna maji. Aendaye kwa miguu huvuka bure kwa feri, lakini gari hulipiwa. Mteja wa Changamwe aliyevutiwa na bei hana budi kuongeza kodi ya pikapu, ada ya kivuko na ujira wa wapakiaji. Barabara ya Dongo Kundu humwepusha na feri, ila mzunguko wake hudai mafuta zaidi.

Aghalabu mteja hupiga hesabu hiyo baada ya kusema "nakuja", kisha simu yake haishikwi tena. Wakati huo muuzaji amekwisha kumkataa jirani aliyekuwa tayari kulichukua kwa mkokoteni kwa bei pungufu kidogo. Kwa vitanda, makabati na majokofu, basi, tangazo la kubandikwa kwenye duka la mtaa bado lina nafasi yake.

Mtandao hufaa zaidi kwa vitu vidogo vyenye thamani kubwa, kama vile simu, kamera na tarakilishi za mkononi. Lakini hivyo ndivyo pia viibwavyo kwa urahisi.

Dalali wa mtaani, pamoja na ubahili wake wote, alikuwa shahidi. Alijulikana kwake, na aliyemletea mali alijulikana ni mwana wa nani. Mtandaoni jina laweza kuwa la bandia na picha ikawa ya chombo cha mtu mwingine.

Sheria haimhurumii mnunuzi mzembe. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Simu inayouzwa kwa robo ya bei yake yaweza kuhesabiwa kuwa sababu tosha. Ndiyo maana inafaa kudai risiti ya kwanza na kulinganisha nambari ya IMEI iliyoandikwa humo na ile inayotokea simu inapobonyezwa *#06#. (Wakenya wengi waliijua nambari hiyo mwaka 2012, simu bandia zilipozimwa.)

Malipo nayo yana mitego yake. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imewezesha watu wasiojuana kulipana papo hapo, lakini matapeli huiga ujumbe wake. Muuzaji mwenye haraka husoma "umepokea", akakabidhi simu, kumbe ujumbe umetoka kwa nambari ya kawaida. Dawa ni kutazama salio mwenyewe kabla ya kuachilia mali. Upande wa pili, mnunuzi huombwa arubuni "kwa kuwa wengine wako njiani". Akishatuma, muuzaji hutoweka. Jiji yenyewe huwaonya wateja wasilipe kabla ya kukiona kitu, na wakutane hadharani.

Hadharani ni wapi? Kivukoni Likoni huonekana pafaa kwa kuwa ni njiani, lakini feri inapotia nanga kila mtu hukimbia, na hakuna nafasi ya kuwasha chombo na kukijaribu. Ukumbi wa benki au duka la wakala wa M-Pesa, mchana, ni afadhali. Jokofu lazima lijaribiwe nyumbani kwa mwenyewe, na hapo ni muuzaji anayemfungulia mgeni mlango. Asiwe peke yake.

Kabla ya kuachana, wawili hao waandike karatasi mbili zenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chombo na bei, watie saini, kila mmoja abaki na yake. Tangazo litafutwa siku hiyo hiyo; polisi wakija kuuliza miezi sita baadaye, mnunuzi atakuwa na cha kuwaonyesha.