Kibarua cha Mtandaoni: Subiri Kwanza Kabla Hujatuma Hiyo 550

“Wafanyakazi 40 wanahitajika haraka. Kazi ya kupakia bidhaa. Malipo 1,500 kwa siku, chakula na usafiri ni juu ya kampuni. Cheti si lazima. Tuma jina na picha ya kitambulisho kwa WhatsApp.”

Tangazo kama hili bila shaka umeliona, labda leo asubuhi. Liko Facebook, liko kwenye magrupu ya WhatsApp ya kijiji, na liko kwenye zile tovuti za matangazo ambako watu huuza sofa na simu za mitumba. Ukijibu, unapongezwa upesi sana. Halafu inakuja ile sentensi: “Tuma 550 ya fomu na gatepass ili jina lako liingie kwenye orodha ya kesho.”

Kwa mtu anayeishi Mukumu na kushinda siku nzima kwenye shamba la watu ndipo apate cha kununua unga, 550 si pesa ya kuchezea. Wakora wanalijua hilo. Ndiyo maana hawaitishi 50,000. Wanaitisha kiasi ambacho unaweza kukopa kwa dada yako, na ambacho ukikipoteza utaona aibu kwenda kupiga ripoti.

Hebu tuangalie mchezo huu unavyochezwa, na vile unaweza kutafuta kibarua mtandaoni bila kupigwa.

Kilichobadilika ni nini?

Kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, maeneo ya Khayega, Mukumu na Sigalagala, kibarua kimekuwa kikipatikana kwa kujuana. Fundi wa mjengo anatafuta mtu wa mkono, anauliza kwa duka, mwenye duka anamjua mama yako. Akikosa kukulipa, habari inafika sokoni kabla ya jua kutua. Hakukuwa na mkataba wa maandishi, lakini kulikuwa na majirani, na majirani ni mashahidi.

Mtandaoni mashahidi hao hawapo. Unaongea na picha na namba ya simu. Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuwarudisha mashahidi. Ushauri wote ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Pesa ya kazi hutoka kwa mwajiri

Ukikumbuka jambo moja tu kutoka kwa ukurasa huu, liwe hili: anayekuajiri ndiye anayekulipa. Akikuitisha pesa ya fomu, ya sare, ya “medical”, ya mafunzo au ya kuharakisha jina, hiyo si kazi. Hata ikiwa ni shilingi 100.

Kuna ujanja mwingine wa cheti cha tabia njema. Mtu anakwambia ni lazima uwe nacho leo, lakini yeye ana “rafiki DCI” atakayekitoa haraka ukimtumia pesa. Cheti hicho huombwa na kulipiwa kupitia eCitizen, hakipitii mfuko wa mtu. Tena, marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2022 yanamkataza mwajiri kukuitisha vyeti vya aina hiyo kabla hajakusudia kuingia nawe mkataba wa maandishi. Kwa kibarua cha siku mbili, swali hilo halifai hata kuulizwa.

Na usifikirie ni watu wasiosoma tu wanaonaswa. Mwaka wa 2022 Wakenya wengi walipoteza pesa kwenye programu iliyojiita Amazon Web Worker Africa. Iliahidi malipo kwa kazi ndogondogo za kubonyeza simu, ila ulitakiwa kwanza uweke pesa zako ndani. Wa kwanza walilipwa, wakawaita wenzao, kisha programu ikatoweka. Jina kubwa lililotumika halikuwa dhamana ya chochote. Mwaka uliofuata, vijana kwa mamia walionekana Eldoret wakidai kurudishiwa pesa walizolipa wakiahidiwa kazi ng’ambo. Kama kazi ni ya nje ya nchi, wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yaani NEA. Tafuta jina lake kwenye orodha yao kabla hujatoa hata senti.

Umefanya kazi kweli. Umelipwa kweli?

Wengine hupigwa baada ya jasho. Chukua mfano wa fundi wa rangi aliyepata mteja kupitia tangazo. Amemaliza vyumba viwili, mteja anasema, “Nimekutumia, angalia SMS.” SMS ipo, ina jina lake na kiasi. Anaondoka. Akifika kwa wakala kutoa pesa, akaunti ni tupu.

Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina MPESA, hauji kutoka kwa namba ya kawaida ya simu. Lakini usiishie kusoma ujumbe tu. Angalia salio lako mwenyewe, kwa programu au kwa *334#, ukiwa bado uko pale kazini. Hakuna haja ya kuona haya. Mteja mwaminifu atangoja dakika moja.

Ujanja wa pili ni huu: “Pole kaka, nimetuma 5,500 badala ya 550. Nirudishie 4,950.” Usirudishe mwenyewe. Salio linaweza kuwa halijasogea kabisa, au pesa hizo ni za mtu mwingine aliyelaghaiwa, na sasa jina lako ndilo limebaki kwenye rekodi. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtoa huduma wake. Kwa Safaricom, aliyekosea hutuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, nao wanashughulikia. Kama kweli amekosea, njia hiyo inamtosha.

Ujue pia haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa siku. Kwa hivyo “tutaangalia wiki ijayo” si lazima uikubali. Kubalianeni bei mapema, na muiandike kwenye meseji: kazi gani, siku ngapi, pesa ngapi. Meseji hiyo ni shahidi. Malipo ya simu nayo ni shahidi mwingine, kwa sababu yana jina, tarehe na saa.

Kitambulisho, PIN na laini yako

Mwajiri wa siku moja hahitaji picha ya kitambulisho chako mbele na nyuma kabla hata hamjaonana. Akisisitiza, mwambie utamwonyesha mkikutana. Hakuna kazi duniani inayohitaji PIN yako, wala ile namba ya siri inayotumwa kwa SMS.

Na ukiambiwa kazi yenyewe ni “kupokea pesa kwa laini yako, unabaki na asilimia 10, nyingine unatuma mbele”, kataa hapo hapo. Unatumiwa kupitisha pesa za wizi, na polisi wakianza kufuatilia, wataanza na wewe.

Siku ya kwenda

Wadada wetu hasa, hapa tunawaomba msiharakishe. Pesa inaweza kutafutwa tena. Uhai hautafutwi.

- Mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu. Soko la Khayega, au steji ya Mukumu, panafaa kuliko “nyumba iko ndani kidogo, nitakuja kukuchukua”.
- Mwachie mtu wa nyumbani jina, namba ya simu na mahali unapoenda. Mpange saa ya kupigiana. Usipopokea, ajue la kufanya.
- Nenda na boda unayemjua, na uwe na nauli yako ya kurudi. Mtu asiye na nauli ya kurudi hawezi kukataa jambo.
- Mwambie mwajiri wazi kwamba watu wako wanajua uliko. Mwenye nia njema hatajali.
- Ukitajiwa mahali pengine ukiwa tayari njiani, rudi nyumbani.

Na kama tayari umetuma?

Usijifiche. Kila saa unayokaa kimya, pesa zinazidi kusogea.

Kwanza, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 ikiwa ni M-Pesa, au upigie mtoa huduma wako. Pesa zikiwa bado hazijatolewa, kuna nafasi ya kuzuiwa. Pili, ripoti namba ya tapeli. Wateja wa Safaricom hutuma kwa 333, bila malipo. Tatu, piga picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta, uende kituo cha polisi ukapewe namba ya OB. Unaweza pia kuwapigia DCI bure kwa 0800 722 203. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Mwisho, waambie wenzako kwenye lile grupu ulikoliona tangazo. Hapo ndipo watu wengi husita, wakiogopa kuchekwa. Lakini pengine kuna mtu mwingine kwenye grupu hilo ambaye ameshakopa 550 kwa dada yake na yuko karibu kubonyeza “tuma”. Ujumbe wako ukimfikia mapema, hiyo pesa itanunua unga.