New Zealand: Syrah ya Hawke's Bay, mvinyo unaonukia pilipili manga

Mwaliko wenyewe huwa mfupi: kila mgeni alete chupa moja ya Syrah, na chupa hiyo iwe na eneo lake linalojulikana. Kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili nchini Australia, mwaliko wa namna hii kutoka kwa jirani au mfanyakazi mwenza ni mtihani. Wapo wasiougusa mvinyo kwa sababu ya imani yao, na wengi miongoni mwa wanaounywa hawakulelewa nao nyumbani. Anayesimama mbele ya rafu dukani hukuta makumi ya chupa zinazofanana, na bei zisizomweleza lolote kuhusu kilichomo ndani.

Ng'ambo ya Bahari ya Tasman kuna jibu ambalo wenyeji wa Australia wenyewe mara nyingi hulisahau. Nalo ni Syrah ya Hawke's Bay, mkoa ulio pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, yalipo miji ya Napier na Hastings.

Kwanza, jina. Syrah na Shiraz ni zabibu moja. Australia huiita Shiraz, Ufaransa huiita Syrah, na watengenezaji wengi wa New Zealand wamelichagua jina la Kifaransa kwa makusudi, ili mnunuzi asitarajie mvinyo mzito wa Barossa. Msikilizaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako koo nyingi hujinasibisha na Shiraz ya Uajemi, anaweza kudhani kwamba zabibu hii nayo ilitoka huko. Hata Ulaya hadithi hiyo ilisimuliwa kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi wa vinasaba uliofanywa na wanasayansi wa California na Montpellier ulionyesha kwamba wazazi wake ni aina mbili za zabibu za Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Uajemi haumo katika nasaba hiyo.

Safari yake hadi kusini mwa dunia inazihusu nchi zote mbili jirani. Mwaka 1831 James Busby alizunguka Hispania na Ufaransa akikusanya vipande vya mizabibu, ambavyo vilipelekwa Sydney. Mwaka 1833 alihamia New Zealand akiwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza, akapanda mizabibu huko Waitangi, na mwaka 1840 alishiriki kuandika Mkataba wa Waitangi kati ya Uingereza na machifu wa Wamaori. Huko Australia Kusini mizabibu ya zamani ilitunzwa, na katika bonde la Barossa ipo Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 ambayo ingali ikizaa. New Zealand nusura iipoteze kabisa zabibu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkulima Alan Limmer alichukua vipande kutoka kwenye mizabibu ya Syrah iliyokuwa karibu kung'olewa katika kituo cha utafiti cha Te Kauwhata, akavipanda Hawke's Bay. Sehemu kubwa ya Syrah ya New Zealand leo ni uzao wa vipande hivyo.

Ardhi iliyodharauliwa

Alikovipanda ndiko kwenye kiini cha habari hii. Mwaka 1867 mto Ngaruroro ulifurika na kuhama njia yake, ukaacha nyuma uwanda wa kokoto nje ya mahali ambapo sasa ni Hastings. Kwa zaidi ya karne moja ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa haina faida: majani machache ya kondoo, machimbo ya kokoto, jalala, uwanja wa mashindano ya magari. Mizabibu ya kwanza ilipandwa hapo mwaka 1981. Muda si mrefu kampuni ya uchimbaji ilitaka kuzichukua kokoto kwa ajili ya ujenzi, na wakulima walipambana nayo hadi wakaibakiza sehemu kubwa ya uwanda. Eneo hilo, lenye takriban hekta 800, leo linaitwa Gimblett Gravels.

Ubaya wa ardhi hiyo ndio uliogeuka kuwa faida. Kokoto hazishiki maji, kwa hiyo mizizi hulazimika kwenda chini sana na mzabibu hautoi majani mengi kupita kiasi. Mchana mawe hunyonya joto la jua, na usiku huliachia polepole. Syrah hukawia kuiva, na katika nchi yenye baridi kama New Zealand joto hilo la ziada ndilo linaloiwezesha kukomaa kabla ya mvua za vuli. Inaiva, lakini kwa shida kidogo, na shida hiyo huonekana katika ladha.

Jambo la kwanza mnywaji atakalolikuta ni harufu ya pilipili manga. Si mfano wa kishairi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo katika mvinyo wa Shiraz inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Kiasi chake ni kidogo mno, sehemu za bilioni za gramu kwa lita, na kwa kawaida huwa kingi zaidi katika mashamba ya baridi kuliko ya joto. Ndiyo maana Shiraz ya Barossa huegemea ladha tamu ya matunda yaliyoiva sana, ilhali Syrah ya Hawke's Bay hukumbusha forosadi au zambarau lililosagwa pamoja na pilipili. Watafiti haohao waligundua pia kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano hainusi kabisa rotundoni. Mgeni ambaye haioni pilipili wanayoisifu wenzake mezani hana sababu ya kuona haya.

Kuchagua chupa

Kwa hiyo atafute nini? Jina la eneo lina uzito kuliko jina la kampuni. Sheria ya New Zealand inataka angalau asilimia 85 ya zabibu zitoke katika eneo lililotajwa kwenye lebo. Chama cha wakulima wa Gimblett Gravels kinadai asilimia 95 kwa anayetumia jina lao. Bridge Pa, eneo jirani lenye udongo mwekundu juu ya kokoto, hutoa Syrah laini zaidi yenye harufu ya maua. Lebo pia hutaja asilimia ya kilevi, nayo ni dalili nzuri: mvinyo wa 13 hivi utakuwa na uchachu na wepesi wa mtindo huu, tofauti na Shiraz za Barossa ambazo mara nyingi hufika 14.5 au zaidi.

Mwaka wa mavuno ni muhimu vilevile. Wanaotoka Dodoma wanajua kwamba huko mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hawke's Bay huvuna mara moja tu, hasa Machi na Aprili, na mvua ikiharibu msimu hakuna wa pili. Miaka ya 2019, 2020 na 2021 ilikuwa mizuri kwa mfululizo, na 2024 nayo inasifiwa. Mwaka 2023 ulikuwa wa huzuni. Mwezi Februari, wiki chache kabla ya mavuno, kimbunga Gabrielle kiliua watu 11 nchini humo na kulizika bonde la Esk, kaskazini mwa Napier, chini ya tope. Mashamba ya mizabibu yaliangamia pamoja na nyumba. Uwanda wa kokoto kwa sehemu kubwa ulinusurika, na baadhi ya watengenezaji walipata mvinyo mzuri, lakini chupa ya mwaka huo inahitaji muuzaji anayeijua.

Zipo chupa za kifahari: Le Sol ya Craggy Range, Bullnose ya Te Mata inayotoka Bridge Pa, na Homage ya Trinity Hill, iliyopewa jina hilo kumuenzi Gérard Jaboulet, mtengenezaji mashuhuri wa bonde la Rhône. Ni mivinyo bora, lakini si lazima. Kampuni hizohizo huuza Syrah ya bei ya kati ambayo inalieleza eneo lake kwa uwazi zaidi, kwa kuwa haikufunikwa na ladha ya mapipa mapya ya mwaloni. Katika hafla ya kuonja, ambako kila chupa hupimwa kwa vidomo vichache, uwazi huo ndio unaokumbukwa.

Kosa linaloharibu chupa nzuri mara nyingi ni joto. Ushauri wa kuandaa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka katika nyumba za mawe za Ulaya, si sebule ya Brisbane mwezi Januari. Syrah hii hupendeza ikiwa na nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo dakika 20 za friji kabla ya hafla zinafaa. Ikifunguliwa ikatoa harufu ya kiberiti, si lazima iwe imeharibika. Imiminwe katika jagi na kuachwa ipate hewa kwa nusu saa. Kutema baada ya kuonja ni desturi, na chombo chake huwekwa mezani.

Syrah zote za New Zealand hazijazi hata hekta 500, karibu asilimia moja ya mizabibu ya nchi, kwa hiyo si kila duka la Australia linaiuza. Anayesafiri anaweza kuinunua huko: mtu mzima anaruhusiwa kuingia Australia na lita 2.25 za pombe bila ushuru, yaani chupa tatu za kawaida.