Kiangazi cha Bariadi huandaliwa wakati wa masika

Agosti ikifika, Bariadi hubadilika rangi. Majani yaliyokuwa ya kijani Aprili yamekuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha hayapo kabisa. Vumbi linarudi juu ya meza dakika chache baada ya kufutwa. Mchana kisulisuli kinakatiza uwanjani na watoto wanakikimbilia wakipiga kelele. Mito iliyokuwa ikizuia magari mwezi wa tatu imebaki mchanga mtupu.

Mzazi anayelea watoto hapa anayajua maswali ya msimu huu. Maji ya leo yanatosha kufua sare? Gunia la mkaa limefika bei gani? Ng'ombe wa babu kijijini bado anatoa maziwa, au amekonda hadi yamekatika?

Ukikaa na wazee wa Kisukuma utagundua jambo moja: maswali mengi ya Agosti yalipaswa kujibiwa Februari, mvua ikiwa bado inanyesha. Kiangazi hakiwashtui. Wanakihesabu kama mgeni anayekuja kila mwaka, na mgeni wa namna hiyo huwekewa akiba mapema. Hilo ndilo somo ambalo watoto wetu wa mjini wako hatarini kulikosa.

Mkoa mkavu, lakini si jangwa

Simiyu ni mkoa mpya. Ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na historia ya ukame wa Shinyanga ni historia yetu pia.

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuishia Mei. Katikati, mara nyingi Januari au Februari, hukatika kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo mahindi ya wengi hukauka yakiwa yanatoa mbelewele. Kuanzia Juni hadi Septemba ni jua tupu.

Miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Jangwa hilo halikushuka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, familia nyingi ziliachana na maeneo yao ya malisho ya akiba. Miti ikaisha, majani yakaisha, na mama akawa anatembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni.

Ngitili: akiba inayoota ardhini

Maeneo hayo ya akiba huitwa ngitili. Mtoto aliyezaliwa Bariadi mjini anaweza kumaliza darasa la saba bila kulisikia neno hilo, kwa hiyo tulieleze.

Ngitili ni kipande cha ardhi ambacho familia au kijiji kinakifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinaota, zinarefuka, zinakaukia palepale kama chakula kilichowekwa ghalani. Ikifika Julai au Agosti, kwingine kote kukiwa kweupe, ngitili inafunguliwa. Wa kwanza kuingia si kundi zima. Ni ndama, maksai wanaotegemewa kulima msimu ujao, na ng'ombe wagonjwa au wazee.

Angalia hekima iliyomo. Aliye dhaifu analishwa kwanza, na anayebeba kazi ya kesho anatunzwa leo. Familia yenye mpangilio huo haihitaji hotuba ndefu kumfundisha mtoto maana ya kuweka akiba.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni wataalamu waligawa miche, lakini baadaye wakaona kwamba wenyeji tayari wana njia yao. Badala ya kuleta kitu kigeni, wakawarudisha watu kwenye ngitili. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizofahamika zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Hazikulindwa kwa bunduki. Dagashida, yaani mkutano wa kijiji wa kimila, uliweka sheria, na sungusungu wakasimamia. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Visiki ambavyo watu walidhani vimekufa vikachipua. Kuni, miti ya kujengea, dawa, uyoga na asali vikarudi karibu na nyumba, na kwa mama hiyo ilimaanisha saa zilizookolewa kila siku.

Vishawishi vya Januari

Leo ngitili nyingi ziko kwenye shinikizo jipya, na mara nyingi uamuzi hufanyika sebuleni, si ofisini.

Pamba huuzwa katikati ya mwaka. Shule hufungua Januari. Kati ya miezi hiyo pesa ya pamba imekwisha: kulikuwa na harusi, bati, pikipiki. Januari mtoto anataka daftari, viatu na michango, na ghala linaelekea kuisha. Baba anaitazama ngitili ya familia na kuona magunia ya mkaa. Au anapita dalali, anasema mji unakuja upande huu, pima viwanja uuze.

Si rahisi kumlaumu. Mtoto aliye nje ya geti la shule hawezi kusubiri mti uote. Lakini hesabu ina upande wa pili. Migunga iliyokatwa Januari italipa mahitaji ya mwaka mmoja. Januari ijayo mahitaji yatarudi na migunga haitakuwepo. Agosti ng'ombe watauzwa wakiwa wamekonda kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawana pa kulishwa.

Familia zinazovuka salama mara nyingi ni zile zinazofanya mambo mawili. Kwanza, pesa ya pamba nayo inafungwa: siku inapopokelewa, sehemu ya shule inatengwa kabla ya kitu kingine, iwe benki, kwenye kikundi cha kukopeshana au kwa mbuzi wawili ambao hawaguswi mpaka Januari. Pili, kama ngitili lazima itoe kuni, hukatwa matawi, si shina, na hukatwa kwa zamu.

Liko jambo jingine la kuzungumza mapema: urithi. Ngitili ya hekta nne ikigawanywa vipande kwa watoto wanane, haibaki ngitili. Ni vyema wazee wakae na watoto wote, wa kiume na wa kike, waamue ibaki moja na itumiwe kwa utaratibu.

Kwa anayeishi chumba cha kupanga

Utasema, mimi ni mpangaji hapa mjini, sina hata futi moja ya ardhi. Basi funga kitu kingine. Anza na maji.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya vyumba viwili na sebule inaweza kuwa na paa la mita za mraba 50. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya jioni moja, huangusha lita 1,000 juu ya paa hilo. Hata ukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 800, sawa na ndoo 40. Mpe mtoto wa darasa la tano hesabu hiyo, aipige mwenyewe, kisha muulize hayo maji huwa yanakwenda wapi.

Tangi la lita 1,000 ni ndoo 50. Familia inayotumia ndoo mbili kwa siku kwa kunywa na kupika itavuka siku 25. Halimalizi kiangazi, ila linapunguza foleni. Wapangaji wakichangishana na mwenye nyumba, mifereji ya paa na tangi moja si jambo lisilowezekana. Ukishindwa kabisa, pipa moja lenye mfuniko huweka ndoo kumi.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa, usiikinge. Funika tangi kwa wavu mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

Maji ya mvua yana faida nyingine ambayo wazazi wa Meatu na baadhi ya maeneo ya Maswa wanapaswa kuijua. Visima vingine huko vina madini ya floraidi kwa wingi. Mtoto anayeyanywa akiwa mdogo, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, madini hubaki mengi zaidi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, hivyo kama ni machache, yawe ya watoto wadogo kwanza. Ni kanuni ileile ya ndama kwenye ngitili.

Na hata kiangazi kikali hakimnyimi mtoto kikombe kimoja cha kunawa uso asubuhi. Trakoma, ugonjwa unaoweza kupofusha, huenezwa na inzi na mikono na vitambaa vyenye uchafu wa macho. Kibuyu chirizi cha dumu la lita tatu na kamba kinatosha kunawisha watoto wote wa nyumba.

Michembe na majani makavu

Chakula nacho hufungwa. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi, bibi hukata vibichi vipande vyembamba na kuvianika: hivyo ni michembe. Akivichemsha kwanza ndipo akavianika, ni matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa pia, yakapikwa Septemba kwa karanga kama vile yalichumwa jana.

Watoto wengi wa mjini wanaijua biskuti kuliko michembe. Wanunulie, au bora zaidi, waanike wenyewe. Anayefukuza kuku kwenye mkeka wa viazi siku tatu hatakitupa kipande cha tatu kilichobaki kwenye sahani. Ubuyu na ukwaju, ambavyo hapa havihitaji kumwagiliwa, viwe uji na juisi ya nyumbani. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Watembeze, wafundishe kuona

Kiangazi ni kitabu kizuri cha maumbile kwa mtoto. Mwonyeshe migunga inavyochipua majani kabla hata tone la kwanza halijaanguka. Mwonyeshe mbuyu usio na jani hata moja lakini umejaa maji shinani. Msikilize pamoja dudumizi. Wazee wanasema akilia anaita mvua. Nendeni kijijini mkamsalimie babu, mtoto aseme "mwangaluka" asubuhi na kuuliza ngitili ya ukoo iko wapi na inaishia kwenye mti gani. Mipaka mingi imo vichwani mwa wazee, na wazee hawadumu.

Mfundishe hatari pia. Mashimo ya maji yanayochimbwa kwenye mchanga wa mito huporomoka, na mtoto asitumwe huko peke yake. Malambo yana tope linaloshika miguu. Mvua zikianza, mto mkavu unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, wakati hapo alipo mtoto jua linawaka. Asivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanaonekana ya magotini.

Bomba likifika

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu. Mabomba yakifika kila mtaa, wasichana wetu watakuwa wa kwanza kufaidika, maana ndio wanaobeba madumu kabla ya kengele ya shule.

Lakini bomba halioteshi nyasi za ng'ombe, halirudishi mgunga uliochomwa mkaa, na halimfundishi mtoto kujizuia. Kazi hiyo inabaki nyumbani.

Kwa hiyo mwaka huu, mvua ya kwanza ikinyesha na kila mtu akikimbilia jembe, kaeni jioni moja, baba, mama na watoto, mjibu swali moja: sisi tunafunga nini? Mmoja ataje maji, mwingine mbuzi, mwingine mti, na mdogo kabisa apewe kazi ya kukumbusha. Agosti mtafungua pamoja.