Mafuta katika Damu ya Mtoto Anayekunywa Dawa za Virusi

Msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtoto anayekunywa dawa za virusi vya Ukimwi, habari hii yakuhusu. Huenda siku moja daktari akakuambia kuwa mafuta yamezidi katika damu yake. Usishtuke, wala usiache kumpa dawa. Soma kwanza.

Wakulima wengi wanaijua Eldoret kwa mahindi, ngano na maziwa. Mji huo una sifa nyingine pia. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mpango uitwao AMPATH wa kuwatibu wenye virusi. Katika miaka yake ya mwanzo mpango huo ulilima hata mashamba, maana ilionekana kuwa mgonjwa mwenye njaa hapati nguvu upesi kwa dawa peke yake.

Kazi hiyo ni kubwa. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Wakipata dawa hukua, huenda shule, na huzeeka. Kwa kuwa watakunywa dawa maisha yao yote, yatupasa kuangalia moyo wao tangu sasa.

KOLESTEROLI NI NINI?

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni aina ya mafuta, na sehemu yake kubwa hutengenezwa mwilini, hasa na ini. Mwili unaihitaji, hasa wa mtoto anayekua. Iko mbaya, ambayo ikizidi hushika kuta za mishipa kama tope ndani ya bomba la maji. Na iko nzuri, ambayo husaidia kuyarudisha mafuta kwenye ini. Yako pia mafuta mengine yaitwayo trigliseridi. Mishipa haizibi kwa siku moja. Huchukua miaka mingi, na mtoto haoni maumivu yo yote.

DAWA ZIPI HUONGEZA MAFUTA?

Virusi vyenyewe hupunguza kolesteroli nzuri na kuzidisha trigliseridi, hata kabla ya dawa. Tena mtoto aliyekonda akianza kupona, kolesteroli yake yaweza kupanda kidogo kwa sababu anapata afya.

Lakini ziko dawa zinazoongeza. Moja ni stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe kwa sababu ya madhara yake. Efavirenzi nayo huongeza kiasi. Zinazojulikana zaidi ni lopinaviri na ritonaviri, zinazotolewa pamoja. Mwaka 2013 Shirika hilo lilizipendekeza kwa watoto walio chini ya miaka 3, kwa kuwa zina nguvu juu ya virusi. Ritonaviri hulizuia ini lisiiharibu lopinaviri upesi. Lakini papo hapo huivuruga kazi ya ini juu ya mafuta, yakazidi katika damu.

Siku hizi iko dolutegraviri, ambayo haisumbui sana mafuta ya damu. Kidonge chake cha watoto, kinachoyeyuka katika maji, kilikubaliwa Marekani mwaka 2020, na mwaka 2021 kilifika Kenya.

KUMBUKA KUPE

Wewe mfugaji wajua: ukiogesha ng'ombe kwa dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, kupe huizoea dawa, na mwisho haiwaui tena. Virusi ni vivyo hivyo. Mzazi anayeacha dawa kwa kuogopa kolesteroli anaukimbia ugonjwa wa miaka mingi ijayo na kuukaribisha ule unaoua upesi.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mpe mtoto dawa kila siku kwa saa yake. Kubadili dawa ni kazi ya daktari.

2. Uliza kama damu yake yafaa kupimwa mafuta. Kwa mtoto, kolesteroli yote ikiwa chini ya milimoli 4.4 kwa lita ni vizuri; ikifika 5.2 imezidi.

3. Mpikie maharagwe, sukuma wiki, managu, samaki na matunda. Punguza vyakula vya kukaangwa, nyama yenye mafuta, soda na sukari. Lakini mtoto chini ya miaka 2 asiondolewe mafuta katika maziwa, anayahitaji akue.

4. Mwache acheze na kukimbia. Mtu asivute sigara karibu naye.

5. Usimnunulie dawa ya kolesteroli dukani. Simvastatini, kwa mfano, ni hatari ikichanganywa na ritonaviri.

Siku ya kliniki ijayo, chukua kadi ya mtoto na umwulize daktari maswali mawili: Mtoto wangu anakunywa dawa gani? Je, iko iliyo bora zaidi kwake sasa? Ni haki yako kujibiwa.