BEGA LA MFANYAKAZI: TUSILIRUDISHE KAZINI KABLA YA WAKATI WAKE



Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, katika mashine za kukamulia mawese, bandarini, na katika mialo ya wavuvi mpaka Nyanza-Lac, kuna kilema kimoja kisichoonekana kwa macho. Mtu ana mikono yake miwili na anatembea vizuri, lakini hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa, na usiku ubavu mmoja haulaliki. Huyo ana bega bovu. Kwa kuwa hana jeraha wala bandeji, msimamizi humwona mvivu, na wenzake huanza kumcheka.

Katika toleo hili tumeona inafaa tuliseme jambo hili kwa kirefu. Tunasema na wafanyakazi wote, lakini zaidi na wale wenzetu wanaopenda mazoezi: wanaocheza mpira Jumapili, wanaokimbia alfajiri, wanaoogelea ziwani baada ya kazi, na vijana wanaoinua vyuma vya saruji nyuma ya nyumba. Hao huumia kama wengine, ila wana shida mbili za ziada, nazo tutazieleza.

KAZI ZETU ZINAVYOLITUMIA BEGA

Tuanze shambani. Mchikichi ukiwa mfupi, mkungu hukatwa kwa patasi au shoka. Ukirefuka, mkataji hupanda kwa kamba, au husimama chini na mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, shingo imepinda na mikono yote miwili iko juu ya kichwa. Mkungu mmoja wa chikichi, au ngazi kama wengi wetu tunavyoita, mara nyingi una uzito wa kilo 10 mpaka 25. Ukishaanguka lazima uinuliwe na kupelekwa barabarani. Kesho yake kazi ni ile ile.

Kwenye mashine za mkono, watu husukuma mti wa kukazia skrubu wakizunguka, na anayesukuma ni bega. Kisha dumu la mawese la lita 20, lenye kilo 18 hivi mbali na uzito wa dumu lenyewe, hubebwa kwa mkono mmoja mpaka kwenye baiskeli. Bandarini mfuko wa saruji ni kilo 50. Ziwani, wavuvi wa ndagala hupiga kasia na kuvuta wavu usiku kucha chini ya taa, na wavu uliolowa maji haufahamu kwamba mtu amechoka.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu mwaka 1963, lilitoa mwaka 1967 Mkataba namba 127 na Pendekezo namba 128 juu ya mizigo. Pendekezo hilo linasema kwamba pale ambapo mwanamume mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kupunguza uzito huo mpaka kilo 55. Kwa wanawake na vijana mzigo lazima uwe mwepesi zaidi kwa kiasi kikubwa. Kila mmoja wetu ajiulize: gunia la mwisho alilotwishwa lilikuwa na kilo ngapi?

BEGA LILIVYO

Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini. Mkono huenda mbele, nyuma, juu na kuzunguka. Lakini uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kinachoshikilia chungwa hilo lisianguke ni mishipi ya kiungo pamoja na misuli minne midogo inayolikumbatia kutoka kwenye kombe la bega. Kano za misuli hiyo hupita mahali pembamba chini ya mfupa. Mkono ukiinuliwa juu maelfu ya mara, kano huchoka, huuma, na mwisho huweza kuchanika.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kuumia. Ya kwanza ni ya ghafla: mtu kuteleza kwenye mawe ya mwaloni, kuanguka toka mtini, au mzigo kumvuta mkono, bega hutoka mahali pake au kano hukatika. Ya pili huja pole pole: leo maumivu kidogo, mwezi ujao mengi, hata siku moja mkono haupandi. Hii ya pili ndiyo inayowadanganya wengi. Wahenga wamesema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MITEGO MIWILI YA MTU WA MAZOEZI

Mtego wa kwanza ni nguvu zake mwenyewe. Mtu aliyezoea mazoezi ana kifua na mikono yenye misuli mikubwa, naye hudhani hiyo ndiyo bega. Ile misuli minne midogo haionekani kwenye kioo wala haisifiwi na mtu. Akiumia, misuli mikubwa humbebea kazi kwa siku kadhaa, naye husema amepona. Kwa kuwa hapendi kukaa bure, wiki ya pili amerudi kwenye vyuma, na wiki ya tatu hali yake ni mbaya kuliko mwanzo.

Wengi wanakumbuka tarehe 26 Mei 2018, mjini Kiev, Mohamed Salah wa Misri alipoumia bega katika fainali ya mabingwa wa Ulaya kati ya Liverpool na Real Madrid, akatoka uwanjani akilia. Misri ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia tarehe 15 Juni, yeye alikaa nje. Tarehe 19 Juni alicheza dhidi ya Urusi na kufunga penalti. Vijana wetu husema: "Tazama, siku 24 tu!" Lakini wafikiri vizuri. Yule alikuwa na madaktari wa kumwangalia, na kazi yake ni miguu. Mkata michikichi kazi yake ni bega lenyewe. Hakuna refa wa kumlinda na mkungu wa kilo 20.

Mtego wa pili ni wa ofisini, nao tutaufikia mbele.

SIKU ZA KWANZA

Bega likitoka mahali pake, mtu asikubali kuvutwa na wenzake, hata kama kuna anayejigamba kwamba anajua. Kuvuta ovyo kunaweza kuvunja mfupa au kuumiza mishipa ya fahamu na ya damu. Mkono ufungwe kifuani kwa kitenge au kitambaa kikubwa kama ulivyo, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kama ni maumivu bila kutoka, pumzisha bega siku 2 au 3. Kanda kwa kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hivi kwa mara moja. Kulipaka mawese ngozi ya bega si vibaya. Kibaya ni kulikamua na kulipindua kwa nguvu. Vidonge vya maumivu vitumike kwa shauri la mganga. Anayemeza vidonge asubuhi ili aweze kubeba magunia mchana anazima taa ya hatari huku moto unaendelea kuwaka, tena dawa nyingi za namna hiyo huchoma tumbo.

Lakini kupumzika nako kuna mpaka. Bega lililofungwa wiki nyingi bila sababu huweza kuganda, na kuganda huko huchukua miezi mingi kuisha. Watu wa miaka 40 mpaka 60, na zaidi wenye kisukari, wajihadhari sana. Ambaye daktari amemwamuru afunge mkono, amwulize ni mpaka tarehe gani.

NJIA YA KURUDI

Haya tunayoyataja hayahitaji fedha. Aliyevunjika, aliyeteguka au aliyepasuliwa asiyaanze mpaka daktari amruhusu.

Kwanza, mwendo bila mzigo. Inama, shika meza kwa mkono mzima, uache mkono mgonjwa uning'inie. Uyumbishe mbele na nyuma, kisha kwa mviringo mdogo, kama dakika moja, mara tatu kwa siku. Baada ya hapo simama mbele ya ukuta, vidole vipande pole pole mpaka vinapozuiwa na maumivu. Tia alama ya mkaa hapo. Kila wiki utazame kama alama imepanda.

Pili, nguvu bila mwendo. Simama ubavu kwa ukuta, kiwiko kimekunjwa na kugusa mbavu. Sukuma ukuta kwa upande wa nje wa mkono, hesabu mpaka 5, achia. Fanya mara 10. Hapo ndipo ile misuli midogo inapoamka.

Tatu, mpira. Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukifunge kwenye mwimo wa mlango. Kiwiko kikae mbavuni na kitambaa kilichokunjwa katikati, uvute mpira kwenda nje, kisha urudi pole pole. Fanya mara 10 mpaka 15, upumzike, urudie.

Nne, mzigo wa kupimwa. Chupa ya maji ya lita 1 ni kilo 1. Dumu la lita 5 ni kilo 5. Hii ndiyo mizani yetu. Anza chini ya kiuno, halafu usawa wa kifua. Kuinua juu ya kichwa kunakuja mwisho kabisa. Waogeleaji nao wangoje: kuogelea kwa kuzungusha mkono juu ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Kukimbia na kuimarisha miguu, mtu anaweza kuendelea mapema, ikiwa mtikisiko hauliumizi bega.

Kanuni ya kujiongoza ni moja: maumivu madogo wakati wa zoezi si kitu, ila yawe yamekwisha kesho asubuhi. Yakizidi au yakikunyima usingizi, rudi hatua moja nyuma. Kano iliyochoka mara nyingi hudai wiki 12 za mazoezi kama haya. Bega lililoteguka huweza kudai miezi 3 au 4 kabla ya kazi nzito, na kijana aliyeteguka mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena.

Kazini pia turudi kwa ngazi hizo hizo. Mkata michikichi aanze kwa kuokota chikichi zilizopukutika, kisha patasi kwenye miti mifupi, na mundu mrefu uwe wa mwisho. Wavuvi wana bahati moja: siku za mbalamwezi, ndagala wasipofuata taa, bega hupata likizo. Wasiitumie likizo hiyo kubeba magunia bandarini.

USINGOJE UKIONA HAYA

Nenda kwa daktari upesi ikiwa vidole vimekufa ganzi au vimepoa. Ikiwa bega limebadilika umbo. Ikiwa baada ya kuanguka huwezi kuinua mkono. Ikiwa bega limevimba, lina moto, na una homa. Na maumivu ya bega la kushoto pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi fupi huweza kuwa ya moyo. Hapo hakuna mazoezi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

"ULIUMIA MPIRANI"

Sasa ule mtego wa pili. Tumeona zaidi ya mara moja: mfanyakazi anaumia bega akiwa kazini, anakwenda kuarifu, naye anajibiwa, "Wewe tunakuona ukiinua vyuma kila jioni. Uliumia huko." Au, "Uliumia mpirani Jumapili." Hapo mambo yanaisha. Mazoezi yaliyompa afya yanageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Kibarua wa kutwa ndiye anayeumia zaidi, maana siku asiyofanya kazi ni siku asiyokula, naye huficha maumivu mpaka mkono unakataa.

Ndugu, dawa ya mtego huo ni kuwahi. Ukiumia kazini, mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo, mbele ya wenzako wawili. Andika tarehe, saa, mahali, mzigo uliokuwa unaubeba na majina ya walioona. Omba karatasi ya daktari yenye tarehe, uitunze. Mpe habari mjumbe wa chama. Maumivu yaliyokuja pole pole nayo yaandikwe tangu yalipoanza, kwani magonjwa ya misuli na viungo yatokanayo na kazi yamo katika orodha ya ILO ya mwaka 2010.

INSS, iliyoanzishwa mwaka 1962, inashughulikia ajali za kazini na magonjwa ya kazi pamoja na pensheni, na mchango wa hatari za kazini ni wa mwajiri. Basi kila mmoja aulize leo, akiwa mzima: je, jina langu limeandikishwa? Kuuliza baada ya kuanguka ni kuchelewa.

Na haki ina pande mbili. Aliyeumia mpirani Jumapili asiseme aliumia shambani Jumatatu. Uongo wa mmoja hufanya kumi wasisadikiwe.

Tunawaomba wajumbe wa kila shamba, mashine na mwalo wafanye mambo matatu: wapime mizigo, wadai mikokoteni na watu wawili kwa mzigo mzito, na wadai kazi nyepesi kwa anayepona, bila kupunguziwa ujira. Nasi wengine tuache kumcheka mwenzetu aliyefunga mkono. Leo ni yeye, kesho ni mimi au wewe, na mkungu wa chikichi hauchagui.