Kipimajoto cha Mchanga

Anayetembea Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, hatakuta chemchemi kubwa ya maji yanayotokota. Atakuta matundu ya mvuke, udongo uliobabuka ukawa mweupe na mwekundu, na mabomba marefu yanayopanda na kushuka vilima. Lakini kilomita mbili hadi tatu chini ya miguu yake kuna maji ambayo mahali pengine joto lake limepita nyuzi 300 za Selsiasi. Mtambo wa kwanza wa umeme hapo, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo uwezo wa jotoardhi wa Kenya umevuka megawati 900, na karibu wote uko eneo hilo hilo. Akiteremka kusini hadi Ziwa Magadi mambo yanageuka: chemchemi ni nyingi, zinabubujika usiku na mchana, nyingine zinafikia nyuzi 86, na hakuna kituo cha umeme kilichojengwa juu yake.

Jambo hili huwashangaza wengi, na wanaoshangaa wana haki. Ni jambo la kawaida kudhani kwamba penye maji ya moto juu ndipo penye moto mkubwa chini. Ukweli ni kwamba joto la maji yanapotokeza halisemi mengi kuhusu yalikotoka. Njiani maji hupoa, huchanganyika na maji baridi, huchemka na kupoteza mvuke. Tena yakifika hewani hayawezi kupita kiwango cha mchemko cha mahali pale. Bogoria, ambayo iko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho ni kama nyuzi 97. Olkaria, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93 hivi. Maji yaliyokuwa na nyuzi 150 chini na yaliyokuwa na nyuzi 300 yote yatasomeka sawa kwenye kipimajoto cha mkononi. Kinachoyatofautisha ni vitu vilivyoyeyuka ndani yake, na hiyo ndiyo kazi ya jiokemia.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo hata wataalamu waliishikilia kwa muda mrefu, kwamba maji haya hutoka kwenye magma yenyewe. Mwaka 1846 mkemia Mjerumani Robert Bunsen alikwenda Aisilandi, muda mfupi baada ya mlima Hekla kulipuka, akayachunguza maji ya chemchemi maarufu ya Geysir. Aliona kwamba chumvi zilizomo zingeweza kutoka kwenye miamba inayooshwa na maji ya moto. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1964, A. J. Ellis na W. A. J. Mahon wa New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio lililomaliza ubishi mwingi. Waliweka vipande vya miamba ya volkano na maji safi ndani ya vyombo vya shinikizo, wakavipasha joto, na maji yaliyotoka yakafanana kwa kemia yake na maji ya chemchemi. Hakuna magma iliyohitajika kuyatia chumvi.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa Mmarekani Harmon Craig katika miaka ya 1950 na 1960. Yeye alipima isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Haidrojeni nzito katika maji ya moto ililingana na ile ya mvua ya eneo lile lile. Oksijeni nzito ilikuwa imeongezeka, kwa sababu miamba imejaa oksijeni na hubadilishana nayo na maji, ilhali haidrojeni yake ni kidogo mno kuweza kubadili chochote. Maana yake ni moja: ni maji ya mvua yaliyokaa na jiwe la moto. Kuna volkano, hasa zile zinazoizunguka Bahari ya Pasifiki, ambako sehemu ya maji hutoka kweli kwenye magma. Katika Bonde la Ufa letu, hata hivyo, hesabu kubwa ni ya mvua. Hunyesha kwenye kingo za bonde, Mau na Nyandarua, ikazama kupitia nyufa, ikakaribia mwamba uliopashwa joto na magma, kisha ikawa nyepesi na kupanda tena.

Mchango wa magma, basi, ni joto na gesi. Gesi iliyo nyingi kuliko zote, ukiacha mvuke, ni hewa ukaa. Nyingine ni salfidi ya haidrojeni, yenye harufu ya mayai viza ambayo kila aliyefika penye matundu ya mvuke anaijua. Salfidi hii ikikutana na oksijeni karibu na uso wa ardhi hugeuka asidi ya salfa, na asidi hiyo hula mwamba hadi ukabaki udongo mfinyanzi. Ndiyo sababu ya ule udongo wa Olkaria uliobabuka. Dimbwi la matope linalotokota linatisha kwa macho, lakini kwa mpimaji ni shahidi hafifu: maji yake ni ya juu juu, yamepashwa na mvuke tu, na hayajawahi kufika kule chini tunakouliza habari zake.

Kati ya gesi zote, heliamu ndiyo inayotaja asili yake waziwazi. Heliamu-4 huzaliwa kila siku katika miamba yenye urani na thoriamu. Heliamu-3 nyingi iliyo ndani ya Dunia imebaki humo tangu sayari hii ilipoumbika. Gesi za chemchemi kadhaa za Bonde la Ufa zimekutwa na heliamu-3 kwa uwiano mkubwa kuliko wa hewani, dalili kwamba nyufa hizo zina mawasiliano na tabaka lililo chini kabisa ya gamba la Dunia. Hewa ukaa nayo inadai heshima ya namna nyingine. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni, na watu wa Goma na kandokando ya Ziwa Kivu wanaziita sehemu hizo mazuku. Mbuzi huingia humo na kufa, na watoto pia wamefia humo.

Sasa turudi kwenye lile swali la joto. Mchanga mwingi duniani ni kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Maji baridi huiyeyusha kidogo mno, ya moto huiyeyusha zaidi, kama chai ya moto inavyopokea sukari kuliko maji ya mtungini. Joto likipita nyuzi 180 hivi, maji na kwatzi hufikia mapatano upesi. Maji yakianza kupanda na kupoa, silika iliyozidi ingepaswa kurudi kuwa kwatzi, lakini katika joto la chini urejeo huo ni wa polepole sana. Maji yanayopanda kwa haraka hutokeza juu yakiwa bado na kipimo cha silika cha kule chini. Robert Fournier, wa idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, ndiye aliyeigeuza tabia hii kuwa kipimajoto chenye hesabu kamili. Lita moja ya maji ikiwa na miligramu 100 za silika, hesabu yake huleta nyuzi 137 hivi. Zikiwa 300, huleta karibu 210. Zikiwa 500, huleta kama 250. Kwa chupa moja ya maji unapata habari ambayo bila hiyo ingekugharimu kisima cha kilomita mbili.

Uzuri huu una mitego yake. Maji yakichemka njiani hupoteza mvuke, silika ikabaki kwenye maji machache zaidi, na hesabu ikatia chumvi joto la chini. Yakichanganyika na maji baridi, hesabu inapunja. Na katika Bonde la Ufa kuna mtego wa tatu. Maji yetu mengi ni ya magadi. Kipimo cha pH kikipita 9, silika huyeyuka kwa njia nyingine isiyotegemea joto peke yake, na kipimajoto cha mchanga kinaanza kudanganya. Ziwa Magadi ni mfano wa ajabu wa jambo hilo. Maji yake hubeba silika nyingi kiasi kwamba mwaka 1967 Hans Eugster alieleza kutoka hapo madini mapya ya sodiamu na silika, yaliyopewa jina la magadiiti kutokana na ziwa lenyewe. Mtu akichukua maji ya aina hiyo na kuyaingiza kwenye hesabu ya Fournier bila kuisahihisha, anaweza kushawishi watu kuchimba kisima pasipostahili. Visima hivi hugharimu mamilioni ya dola kila kimoja. Kosa la kemia hapo si la darasani.

Kwa hiyo hakuna anayetegemea shahidi mmoja. Sodiamu na potasiamu hubadilishana nafasi katika madini ya felspa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo potasiamu inavyozidi majini, hivyo uwiano wa viwili hivyo ni kipimajoto cha pili. Hiki hubadilika polepole, kwa hiyo hukumbuka joto la mbali zaidi kuliko silika. Magnesi, kinyume chake, huondoka haraka kwenye maji ya moto sana. Ikionekana nyingi, ujue maji baridi yameingilia. Aliyeunganisha sodiamu, potasiamu na magnesi katika mchoro mmoja wa pembetatu, mwaka 1988, ni Werner Giggenbach, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi New Zealand. Mchoro huo humwonyesha mpimaji maji gani yamekomaa kwa jiwe, na yapi bado mabichi yasitumiwe kukisia joto lolote. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya kazi yake: kipimo kinachojua kukataa kujibu.

Giggenbach ndiye pia aliyetuachia chupa inayotumika hadi leo kukusanya gesi. Hewa huondolewa ndani yake, na humo hutiwa maji makali ya haidroksidi ya sodiamu. Hewa ukaa na salfidi ya haidrojeni hunaswa humo, na zile gesi adimu, haidrojeni, nitrojeni, methani, heliamu, hubaki juu zikiwa zimekusanyika vya kutosha kupimwa. Alifariki mwaka 1997 huko Rabaul, Papua New Guinea, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya volkano. Kwa upande wa maji utaratibu hauna fahari lakini hauruhusu uzembe. pH hupimwa pale pale, kwa sababu hewa ukaa huanza kutoroka dakika ile ile maji yanapotoka. Chupa ya kupimia metali hutiwa asidi. Chupa ya kupimia silika huongezewa maji safi, la sivyo silika itagandana kabla haijafika maabara. Tabia hiyo hiyo ya kugandana ndiyo inayoziba mabomba ya vituo vya umeme, na ndiyo maana mara nyingi maji yaliyotumika hurudishwa ardhini yakiwa bado ya moto.

Kuna upande mwingine wa kemia hii ambao hauhusu umeme, nao umo vinywani mwa watu. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hutengeneza asidi dhaifu inayouma mwamba polepole. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kalisi kidogo. Kalisi hiyo kidogo hujiunga na hewa ukaa na kutua kama chokaa, ile tunayoiona ikijenga kingo na matuta penye chemchemi za Bogoria na za Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Maji yanayobaki yana sodiamu na bikaboneti, na yakikauka ziwani huacha magadi. Lakini kalisi ndiyo hasa inayoizuia floraidi, kwa kuishika na kuigeuza jiwe. Kalisi ikishaondoka, floraidi inayotoka kwenye majivu na miamba ya volkano inabaki majini bila kizuizi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa. Visima na mito mingi ya Arusha, Nakuru na maeneo ya jirani huvuka kikomo hicho mbali sana, hata pale ambapo maji ni baridi na matamu, na hakuna anayeyahusisha na volkano. Meno ya kahawia ya watoto ni alama ya nje tu. Kiwango kikizidi kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu hupinda. Linaloniumiza ni kwamba ushauri tunaopewa tangu utotoni, wa kuchemsha maji ya kunywa, hausaidii hapa. Mchemsho huua vijidudu na ni lazima uendelee, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale na kuzidi kukolea.

Magadi ya jikoni nayo yanahusika. Yale mabonge tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi yametoka kwenye maji ya aina hii hii, na uchunguzi uliofanywa Tanzania umekuta floraidi ndani yake, kwa kiasi kinachotofautiana sana kulingana na yalikochimbwa. Familia inayokunywa maji yenye floraidi na kupikia magadi inapokea mara mbili. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo magadi hufanya. Kwa maji ya kunywa, njia iliyothibitika katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: kalisi na fosfeti zilizomo hushika floraidi maji yanapopita. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, kwa hiyo mwenye chujio apeleke maji yake kupimwa mara kwa mara. Mwenye kisima kipya katika ukanda huu aulize kipimo cha floraidi kabla ya kumlipa mchimbaji fungu la mwisho.